Kamera Iliyomwokoa Mtu, Kisha Ikamwanika

Ilikuwa Jumapili usiku, tarehe 20 Agosti 1995, yapata saa tano na nusu. Mwanamume mmoja alikuwa anatembea peke yake kwenye barabara kuu ya Brentwood, mji wa ukubwa wa wastani ulioko Essex, upande wa mashariki wa London. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni. Alikuwa anapitia kipindi kigumu sana, na usiku ule alijaribu kujitoa uhai.

Hakujua kwamba halmashauri ya mji ilikuwa inamtazama. Mwaka mmoja tu nyuma, mwezi Julai 1994, Brentwood ilikuwa imewasha rasmi mfumo wake wa kamera za mitaani. Mhudumu aliyekuwa zamu kwenye chumba cha kamera hakuona lile jaribio lenyewe. Alichoona ni mtu mwenye kisu, basi. Chumba kile kilikuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na polisi, ya picha na ya sauti, kwa hiyo taarifa ilifika haraka. Polisi wakaja, wakachukua kisu, wakampa huduma, daktari akamwona, kisha wakamrudisha nyumbani. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, maana hakuwa ametenda kosa.

Hebu tusimame hapo kidogo. Ukiwa unapinga kamera za mitaani, hadithi hii inakubana. Mtu yule leo tunamjua kwa jina la ukoo, Peck, kwa sababu kesi yake ilikuja kuwa mojawapo ya kesi maarufu za faragha barani Ulaya. Yeye mwenyewe hakuilalamikia kamera kwa kumwona. Kilichompeleka mahakamani ni yale halmashauri iliyoyafanya baadaye na ule mkanda.

Mimi niliikuta kesi hii nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, takwimu za uhalifu za miaka ya 1990. Nimekaa nayo miezi kadhaa sasa. Naona inaeleza historia ya kamera za halmashauri vizuri kuliko grafu yoyote niliyoichora kwenye tasnifu yangu. Twende taratibu.

Kamera zilifikaje barabarani

Teknolojia yenyewe ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1942 wahandisi wa Kijerumani walitumia televisheni ya waya kutazama majaribio ya roketi za V-2 kule Peenemünde, maana kusimama karibu ilikuwa ni kutafuta kifo. Mwaka 1960 polisi wa London waliweka kamera mbili za muda Trafalgar Square wakati wa ziara ya wafalme wa Thailand. Lakini hizo zilikuwa shughuli za siku chache. Kamera ya kudumu, inayomilikiwa na serikali ya mtaa na kumtazama kila anayepita, ilichelewa kuja.

Mfumo unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza wa aina hiyo Uingereza ni wa Bournemouth, mji wa ufukweni kusini, mwaka 1985. Miezi michache kabla, Oktoba 1984, kundi la IRA lilikuwa limelipua hoteli mjini Brighton wakati wa mkutano wa chama tawala. Watu 5 walikufa, na Waziri Mkuu Margaret Thatcher aliponea chupuchupu. Bournemouth nayo ni mji wa mikutano mikubwa. Ukilijua hilo, huhitaji kuambiwa kwa nini kamera zilianzia pale. Mwaka 1987 mji wa King's Lynn ukafuata, safari hii sababu ikiwa wizi na uharibifu wa mali kwenye eneo la viwanda.

Bado mambo yalikwenda polepole. Kilichobadilisha kila kitu ni Februari 1993. Mtoto wa miaka 2, James Bulger, alichukuliwa kwenye jengo la maduka la Bootle, karibu na Liverpool, akauawa. Kamera za maduka zilinasa picha yenye ukungu ya mtoto akiongozwa kwa mkono na wavulana wawili. Hao wavulana walikuwa na umri wa miaka 10 tu. Picha ile ilirushwa kwenye televisheni tena na tena, na taifa zima likabaki nayo kichwani.

Sasa angalia jambo hili kwa utulivu. Kamera haikumwokoa James Bulger. Ilirekodi tu, na hakuna aliyekuwa anatazama kwa namna ambayo ingeweza kuzuia. Hata hivyo somo ambalo umma ulilichukua lilikuwa kwamba tunahitaji kamera zaidi. Wala siwalaumu. Mzazi akiona picha kama ile hakai chini kufanya uchambuzi.

Shindano la fedha

Mwaka 1994 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitangaza shindano. Kulikuwa na pauni milioni 2 mezani, na halmashauri zenye wazo la mfumo wa kamera zilitakiwa kuomba. Yalikuja maombi 480. Wizara ikaongeza fedha, kisha shindano likarudiwa. Kati ya 1994 na 1997 mifumo 585 hivi ilipata ruzuku, jumla ya pauni kama milioni 38. Kwa kipindi fulani, miaka ya 1996 hadi 1998, robo tatu ya bajeti ya wizara ya kuzuia uhalifu ilikwenda kwenye kamera peke yake. Chama cha Labour kilipoingia madarakani hakikurudi nyuma. Kuanzia 1999 kilitenga pauni milioni 170 nyingine.

Ruzuku hizi zilikuwa za kununua na kufunga vifaa. Mishahara ya watazamaji, umeme, mikanda na matengenezo, hayo halmashauri ilijitafutia yenyewe kila mwaka. Kwa hiyo diwani alikuwa na mzigo wa kuwaeleza walipa kodi wake kwamba zile kamera zinafanya kazi. Alihitaji mafanikio ya kuonyesha.

Na sheria je? Mwaka huohuo wa 1994 Bunge lilipitisha sheria ya haki jinai ambayo kifungu chake cha 163 kilizipa halmashauri mamlaka ya kuendesha kamera ili kuzuia uhalifu. Kifungu hicho kilitoa ruhusa bila kuweka utaratibu wa kueleza nani aone picha, zihifadhiwe muda gani, wala nani apewe nakala. Ile sheria ya ulinzi wa data ya 1984 ililenga kumbukumbu za kompyuta, na mkanda wa video haukuwa kompyuta.

Mkanda mmoja, kamera kumi na sita

Kwa sababu hii ni blogu ya sayansi, naomba dakika moja ya hesabu. Tunapofikiria kamera za 1995 tusifikirie video laini za leo.

Mkanda wa kawaida wa VHS wa saa 3 ulirekodi picha 25 kwa sekunde. Zidisha: saa 3 ni sekunde 10,800, kwa hiyo mkanda mmoja una nafasi ya picha kama 270,000. Halmashauri haikutaka kubadilisha mkanda kila baada ya saa 3, ilitaka mkanda mmoja kwa siku nzima. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawa, unapata picha 3 hivi kwa sekunde. Halafu kulikuwa na kifaa cha kuchanganya picha za kamera nyingi kwenye mkanda mmoja, kwa zamu. Ukiunganisha kamera 16, kila kamera inapata picha moja kila baada ya sekunde 5 hivi.

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda mita kama 1.4 kwa sekunde. Ndani ya sekunde 5 amekwenda mita 7. Anaweza kuingia kwenye picha, akafanya jambo lake, akatoka, na mkanda usioneshe kitu. Ndiyo maana mifumo mingi iliruhusu mhudumu akishuku jambo aielekeze kamera, avute karibu, na kurekodi kwa kasi kamili sehemu hiyo tu.

Kumbe basi picha nzuri na safi kwenye mkanda wa halmashauri haikujitokeza yenyewe. Ilikuwapo kwa sababu kuna binadamu aliyeamua kwamba mtu fulani anastahili kutazamwa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Rudi Brentwood

Mwezi mmoja baada ya usiku ule, kamati ya kamera ya halmashauri ya Brentwood ilikubaliana kuanza kutoa habari kwa vyombo vya habari ili wananchi waone faida ya mfumo. Tarehe 9 Oktoba 1995 jarida lao likatoka na makala kuhusu jinsi kamera na polisi walivyoshirikiana kuzuia hatari. Makala iliambatana na picha mbili za yule mtu. Uso wake haukufichwa.

Siku chache baadaye picha yake ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti la mji. Gazeti jingine likaichapa pia. Tarehe 17 Oktoba kituo cha televisheni cha eneo lile kikaonyesha sehemu ya mkanda kwa watazamaji kama 350,000, safari hii uso ukiwa umefichwa baada ya halmashauri kuomba hivyo kwa mdomo. Machi 1996 kipindi cha uhalifu cha BBC, chenye watazamaji wapatao milioni 9.2, kikaurusha. Halmashauri ilikuwa imetaka uso ufichwe. Ukafichwa vibaya kwenye kipindi, na kwenye matangazo ya kukinadi kipindi haukufichwa kabisa. Ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake wakamtambua.

Jaribu kujiweka kwenye nafasi yake. Uko kwenye wiki mbaya kuliko zote za maisha yako. Unaanza kusimama tena. Halafu jirani anakuuliza, "Yule si wewe, yule mwenye kisu?" Na kwa jinsi habari zilivyoandikwa, unaonekana mtu hatari aliyedhibitiwa kabla hajadhuru watu. Hakuna neno kwamba ulikuwa mgonjwa.

Peck alilalamika kwa vyombo vya usimamizi wa habari, baadhi vikamkubalia kwamba faragha yake ilivunjwa, lakini havikuwa na uwezo wa kumlipa fidia. Akaenda Mahakama Kuu. Novemba 1997 jaji akasema anamwonea huruma, ila halmashauri haikuvunja sheria. Na kusema kweli jaji hakukosea kisheria, kwa sababu sheria ya Uingereza wakati huo haikuwa na haki ya jumla ya faragha. Rufaa ikakataliwa.

Akaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Uingereza ikajitetea kwa hoja ambayo wengi wetu tungeitoa pia: jamani, mtu alikuwa barabarani! Barabara ni ya umma. Faragha gani unayoitafuta katikati ya barabara kuu?

Hukumu ilitoka tarehe 28 Januari 2003, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mahakama haikusema kamera ni haramu. Kumtazama mtu mahali pa umma kwa kamera, kwa peke yake, si lazima kuingilia maisha yake binafsi. Lakini kuna tofauti kati ya kuonwa na mpita njia mmoja saa tano usiku na kuonwa na mamilioni ya watu sebuleni kwao. Alikuwa barabarani, ndiyo, lakini hakuwa kwenye shughuli ya hadhara wala hakuwa mtu maarufu. Halmashauri ingeweza kumtafuta na kumwomba ridhaa. Ingeweza kuuficha uso yenyewe kabla ya kutoa mkanda. Ingeweza angalau kuhakikisha wanahabari wameuficha. Haikufanya lolote kati ya hayo ipasavyo. Uingereza ikaonekana imevunja Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya, inayolinda maisha binafsi, na pia Ibara ya 13, kwa kutompa njia ya kupata haki nyumbani kwao. Akalipwa fidia ya yuro 11,800, mbali na gharama.

Miaka saba na nusu ilikuwa imepita tangu usiku ule.

Je, zilifanya kazi?

Wakati Peck yuko mahakamani, watafiti walikuwa wanajiuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya fedha kutoka. Halmashauri nyingi zilitangaza kwamba uhalifu umeshuka tangu kamera zifungwe. Tatizo ni kwamba uhalifu Uingereza ulianza kushuka nchi nzima katikati ya miaka ya 1990, penye kamera na pasipo na kamera.

Halafu kuna mtego mwingine. Ukipata mafua ukavumilia, ukanywa dawa siku ya tatu ukiwa umezidiwa, siku ya tano utapata nafuu, nawe utaisifu dawa. Lakini mafua yangepungua tu. Halmashauri hufunga kamera pale uhalifu unapokuwa umepanda sana, na kitu kilichopanda sana huwa na tabia ya kurudi kwenye wastani wake. Bila eneo la kulinganisha lisilo na kamera, huwezi kujua.

Mwaka 2002 Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tathmini 22 zilizofanywa kwa uangalifu, wakakuta kwamba kwa jumla kamera ziliambatana na upungufu mdogo wa uhalifu, kama asilimia 4. Kwenye maegesho ya magari zilifanya vizuri sana, upungufu wa asilimia 41. Katikati ya miji athari ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2005 Martin Gill na Angela Spriggs wakachapisha tathmini ya mifumo 13. Ni michache tu iliyoonyesha upungufu wa kuaminika kitakwimu ikilinganishwa na maeneo yasiyo na kamera.

Sisemi kamera ni bure. Kwenye maegesho, ambako mwizi anahitaji dakika kadhaa na mlango wa kutokea ni mmoja, inaeleweka kwa nini zinasaidia. Zinasaidia pia kupata ushahidi baada ya tukio. Na usiku mmoja Brentwood zilimfikishia mtu msaada. Ila ahadi ya 1994 ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Na yule binadamu mwenye kuielekeza kamera? Clive Norris na Gary Armstrong walikaa saa 592 kwenye vyumba vya kamera, wakiandika ni nani anafuatiliwa na kwa nini. Walikuta kwamba vijana, wanaume, na watu weusi walifuatiliwa kupita kiasi, mara nyingi bila sababu nyingine iliyo wazi zaidi ya mwonekano wao.

Mwaka 2010 hali hiyo ilijitokeza kwa sura mbaya zaidi Birmingham. Wakazi wa Sparkbrook na Washwood Heath, maeneo yenye Waislamu wengi, waliona nguzo za kamera zikiota kila kona. Zilikuwa 218, na 72 kati yake zilikuwa za kufichwa. Walikuwa wameambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida. Ikaja kugundulika kwamba pauni milioni 3 za mradi huo zilitoka kwenye fungu la kupambana na ugaidi. Wakazi wakaandamana, kamera zikavikwa mifuko ya plastiki, uchunguzi ukawakosoa vikali polisi, na mwaka 2011 zikang'olewa. Miaka ya kujenga imani kati ya polisi na wale wakazi ikaenda na maji.

Mwaka 2012 Bunge likatunga sheria iliyoleta kamishna wa kamera za ulinzi na mwongozo wenye kanuni 12, uliotoka 2013. Miaka 27 tangu Bournemouth! Na ile bili ya uendeshaji? Mwaka 2016 halmashauri ya Westminster, katikati kabisa ya London, ilizima kamera zake za mitaani kwa sababu ya gharama.

Na huku kwetu

Mwenendo wa tukio la kutisha kwanza, kamera baadaye, tunaujua. Nairobi na Mombasa zilipata mfumo wa kamera 1,800 kwa mkataba wa 2014, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013. Uganda ilifunga zake baada ya mfululizo wa mauaji, likiwemo la afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017. Tofauti ni kwamba hizo ni za polisi, si za halmashauri. Sheria nazo zimekuja: Kenya ina ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hilo tumewatangulia Waingereza wa 1995.

Lakini fungua simu yako. Ni mara ngapi umetumiwa kwenye grupu kipande cha kamera ya ulinzi cha mtu akianguka, akipigana, akilia, au akiwa kwenye hali ambayo asingependa hata ndugu yake aione? Kuna mtu mwenye funguo za chumba cha kamera aliyekitoa. Na sisi tukakisambaza. Mimi pia nimewahi, nakiri.

Siku halmashauri yako itakapotangaza mradi wa kamera, na itatangaza, usiishie kuuliza zitakuwa ngapi. Uliza nani atakaa kwenye kile chumba, picha zitafutwa baada ya siku ngapi, na nani atasaini kabla kipande hakijatoka nje. Brentwood ilikuwa na mwongozo wa uendeshaji tangu Februari 1994, miezi kabla ya kamera kuwashwa. Haukumsaidia Peck, kwa sababu siku ya kutoa zile picha hakuna aliyeuliza yeye atajisikiaje.